Likizo ya Mikono Miwili, Handeni na Korogwe

Ikiwa wewe ni mfanyakazi wa mjini na asili yako ni mkoa wa Tanga, yawezekana kabisa kwamba una mtoto aliyeko kwa bibi yake. Nakusudia yule mtoto ambaye hamkuweza kukaa naye katika chumba cha kupanga, kwa kuwa baba na mama wote huenda kazini, na msichana wa kumtunza hakudumu hata miezi miwili. Mkono wake mmoja umekunjika kwenye kiwiko, kidole gumba kimejificha ndani ya ngumi, na mguu wa upande huo huo hukanyaga kwa ncha za vidole. Hospitalini mliambiwa kuwa ni mtindio wa ubongo. Basi mkampeleka Handeni au Korogwe, mahali penye uwanja, penye watoto wa shangazi na wa mjomba, na penye bibi mwenye subira. Kila mwezi mwatuma fedha, na kila mwaka, likizo ifikapo, mwaenda kumsalimu.

Makala haya yahusu likizo hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi siku zisizopungua 28 kwa mwaka. Nao wataalamu wa watoto wenye mtindio wa ubongo wamegundua kwamba saa 90 za kazi na michezo ya mikono miwili, zikikusanywa katika muda mfupi badala ya kutawanywa mwaka mzima, zaweza kuufanya mkono dhaifu uanze kumfaa mwenyewe. Saa 6 kwa siku, kwa siku 15, ni saa 90. Ukitoa siku za safari, za ibada na za kuwaamkia wazee, hesabu hiyo bado yaingia ndani ya likizo moja. Tusafiri basi tukiwa nayo mfukoni.

Kutoka Dar es Salaam utapita Chalinze na kushika njia ya kaskazini, utavuka mto Wami, na baada ya mwendo mrefu wa vichaka na vilima vifupi utafika Mkata. Hapo machungwa huwa yamepangwa kando ya barabara, maana Handeni ni nchi ya machungwa na mahindi. Basi la Arusha hunyoosha kwenda Segera. Wewe utakata kushoto, kilomita 54, hadi mji wa Handeni. Wale waliozoea njia hii kabla ya lami watakumbuka jinsi mtu alivyoshuka akiwa mwekundu toka nywele hadi viatu. Siku hizi waweza kufika na shati jeupe, na jambo hilo si dogo kwa mama anayempeleka mtoto wa miaka saba hospitali akiwa amembeba mgongoni.

Handeni ni nchi ya Wazigua, watu wa jembe na wa maneno yaliyopimwa. Tabu yake ya miaka nenda miaka rudi ni maji. Katika miaka ya 1970 Serikali ilijenga bomba kuu la Handeni, lenye kuvuta maji kutoka mto Pangani upande wa Korogwe, lakini kiu ya wilaya haikupata kwisha, na ndoo imebaki kuwa sehemu ya kichwa cha mwanamke. Nakuomba uikumbuke ndoo hiyo. Tutairudia, kwa sababu ina uhusiano na mkono wa mtoto wako kuliko unavyodhani.

Katika wilaya hii pana mahali paitwapo Kwamkono, na jina hilo latufaa leo japo sidai kujua asili yake. Hapo ndipo ilipo hospitali ya Mtakatifu Francis ya Kanisa la Anglikana, na kwa miaka mingi palijulikana kwa bweni la watoto waliolemazwa na polio. Polio ilikuwa adui aliyejulikana kwa sura: mguu mwembamba, mikongojo, na mtoto mwenye akili kali darasani. Chanjo ilimpiga adui huyo. Mara ya mwisho polio ya virusi vya asili kuonekana Tanzania ilikuwa mwaka 1996. Aliyebaki ni yule ambaye hana chanjo moja ya kumzuia, na wengi hawajui hata kumtaja.

Mtindio wa ubongo ni jeraha la ubongo ulio katika kukua. Huweza kutokea mimba ikiwa bado, au wakati wa uzazi mzito ambapo mtoto hukosa hewa na kuchelewa kulia, au katika siku za kwanza akipata manjano makali yasiyotibiwa, au baadaye kwa homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe haliendelei wala haliambukizi. Nalo si lazima liguse akili: wapo watoto wasioweza kutamka neno ambao huelewa kila lisemwalo juu yao, pamoja na yale ambayo yasingefaa kusemwa mbele yao. Habari ya kwamba mtoto alipitiwa na ndege wa degedege, au kwamba mama alivunja mwiko, imezipotezea familia nyingi miaka ile ambayo ubongo wa mtoto ulikuwa mwepesi kujifunza. Siwacheki wazee wetu. Walitafuta sababu kwa elimu waliyokuwa nayo. Lakini leo sababu zajulikana.

Nchini Uganda, katika wilaya za Iganga na Mayuge, watafiti walipita nyumba kwa nyumba, na matokeo yao yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha karibu watoto 3 wenye mtindio wa ubongo katika kila watoto 1,000. Kilichonisumbua mimi si hesabu hiyo, bali jambo waliloliona kando yake: watoto wakubwa walikuwa wachache kuliko wadogo. Ugonjwa huu haupoi kwa umri. Utafakari mwenyewe, msomaji, walikwenda wapi.

Sasa tuje kwenye mikono. Mtaalamu wa Marekani, Edward Taub wa Alabama, ndiye aliyeeneza fikira kwamba mkono dhaifu huzidi kudhoofika kwa sababu mwenyewe huacha kuutumia. Aliliona jambo hilo kwanza kwa nyani, kisha kwa watu wazima waliopooza upande mmoja. Dawa yake ilikuwa kuufunga mkono mzima ili ule mwingine ulazimike kufanya kazi. Baadaye njia hiyo ilipelekwa kwa watoto. Andrew Gordon na Jeanne Charles wa Chuo cha Ualimu cha Columbia, New York, waliitumia pia, kisha wakajiuliza swali ambalo mzazi yeyote angeliuliza. Mtu mzima aliyepooza aliwahi kuujua mkono wake, lakini mtoto huyu hajaujua tangu kuzaliwa. Na tena, maishani ni kazi gani afanyayo mtu kwa mkono mmoja, huku mwingine umefungwa? Wakatunga mazoezi ya mikono miwili kwa pamoja, wakayaeleza kwa wenzao kuanzia mwaka 2006. Mwaka 2011 walitoa matokeo ya watoto 42 waliogawanywa makundi mawili, kila kundi likipata saa 90. Kwa vipimo vya mkono, makundi yote mawili yaliendelea karibu sawa. Lakini katika mambo ambayo familia zenyewe zilikuwa zimeyachagua, kama vile kufunga kifungo au kushika sahani, kundi la mikono miwili lilitangulia.

Huko hapakuwa na mashine yoyote ya ajabu. Palikuwa na karata, vitu vya kuchezea, kazi za kubandika na kukata, na mtu mmoja wa kukaa na kila mtoto, mara nyingi mwanafunzi wa chuo. Kilichokuwa cha thamani ni saa, na ujuzi wa kupanga kazi ili mkono dhaifu usiweze kukwepa.

Utazame basi uwanja wa bibi kwa jicho hilo. Chukua hindi kavu. Ukitaka kulipukuchua huna budi kulishika kwa mkono mmoja na kusukuma punje kwa kidole gumba cha mkono wa pili. Hakuna awezaye kuifanya kazi hiyo vema kwa mkono mmoja, na mtoto atalitambua hilo bila kuambiwa. Siku ya kwanza mpe hindi ambalo mistari miwili mitatu imekwisha kufunguliwa, maana mwanzo wa hindi ni mgumu hata kwa mtu mzima. Mkono dhaifu ufanye kazi moja tu, kulikandamiza juu ya paja lisiteleze. Akiweza, hindi liinuliwe, mkono ulishike bila msaada wa paja. Kisha mkono huo huo ulizungushe kila mstari unapokwisha. Baadaye sana, mikono ibadilishane kazi, ule dhaifu upukuchue japo punje tano. Hatua hizo nne zaweza kuchukua siku moja kwa mtoto mmoja na majuma matatu kwa mwingine. Usiharakishe, lakini vile vile usimwache akae katika hatua aliyokwisha kuiweza, kwa kuwa hapo hajifunzi tena. Anafanya kazi ya nyumba tu.

Wala si mahindi peke yake. Chungwa lililoanzwa kumenywa, amalizie kwa vidole. Ngoma, ipigwe kwa mikono yote. Gari la waya, kishada chenye uzi wa kukunja na kukunjua, kopo la kifuniko, ungo wa kupeta, mpira wa matambara wa kudaka, nguo ndogo za kukamua. Changanya kazi na mchezo, na mchezo uzidi, kwa kuwa saa sita za kazi tupu zitamchosha mtoto yeyote duniani. Zigawe: asubuhi kabla ya jua kali, na jioni.

Pana mambo mawili ambayo wageni wa njia hii hukosea. La kwanza, huushika mkono wa mtoto na kuuendesha wao. Mkono unaoendeshwa na mtu mwingine haujifunzi. Ni lazima mtoto mwenyewe ajaribu, akose, atafute namna nyingine. La pili, humpigia kelele katikati ya kazi, “Mkono! Tumia mkono!” mpaka mchezo unageuka kesi. Mweleze kabla ya kuanza, kwa mfano, “Huu utashika, huu utavuta,” kisha unyamaze. Akisahau, ubadilishe kitu, usimbadilishe mtoto: mpe kopo pana zaidi, ambalo halifunguki kwa mkono mmoja.

Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, kwa uongozi wa Yannick Bleyenheuft, kimeiongezea njia hii miguu na kiwiliwili: mtoto hucheza akiwa amesimama, au ameketi mahali panapoyumba, au anatembea amebeba kitu kwa mikono miwili. Hapo hata wale ambao pande zote mbili za mwili zimeguswa wamepata nafasi. Kwa lugha ya Handeni, ni mtoto anayetoka jikoni hadi barazani akiwa amebeba ungo wenye mahindi kidogo, na kuku wakimfuata.

Hapana shaka sasa bibi atasema. Umeshamwamkia, umeketi, na siku ya pili anakuona umempa mjukuu wake kifungo cha shati afunge mwenyewe, naye anahangaika, jasho lamtoka. “Mwanangu, umetoka Dar es Salaam kuja kumtesa mtoto?” Ufahamu anakotoka. Kwa miaka mitano ni yeye aliyemvisha, akamlisha, akampigia chandarua. Kila alipomtendea jambo kwa upendo, mkono ule ulikosa sababu ya kutoka katika ngumi, lakini usimwambie hivyo. Mwambie, “Mama, nakuomba tumpe nafasi ajaribu mara tatu, ya nne umsaidie.” Hilo atalikubali, maana ndivyo alivyokufundisha wewe kulima.

Na hapa ndoo yarudi. Ukimpa bibi orodha ya mazoezi, kisha ukakaa kivulini kusoma gazeti, saa hizo hazitapatikana. Saa za bibi ziko kisimani, shambani na jikoni. Mimi naona ni afadhali uchote maji wewe, au ulipe mtu wa kuyaleta kwa baiskeli au pikipiki kila siku, kuliko kununua vitu vya kuchezea vya plastiki kutoka mjini. Wasaidizi nao wapo: watoto wa shangazi na wa mjomba, hasa shule zikiwa zimefungwa. New York walitumia wanafunzi wa chuo. Msichana wa darasa la sita aliyeelekezwa vema aweza kukaa na nduguye saa mbili akifanya kazi hiyo hiyo, naye hana haya ya kucheza.

Toka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65 za lami, na nchi hubadilika mbele yako. Milima ya Usambara husimama upande wa kaskazini kama ukuta wa buluu, ukame hulegea, kisha wateremkia mto Pangani, ambao wenyeji huuita pia Ruvu. Korogwe ni mji wa reli na wa mkonge. Reli ya Wajerumani iliyoanzia Tanga ilifika hapa mwaka 1902. Mkonge wenyewe uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini. Kutokana na hiyo yalitoka mashamba ambayo babu zetu waliyafanyia kazi ya manamba. Mtu akisokota kamba ya katani barazani, utazame mikono yake. Mmoja hushikilia, mmoja huviringisha juu ya paja, na hakuna uliokaa bure.

Nimekuleta Korogwe pia kwa sababu ya hospitali. Kabla ya yote haya mtoto hana budi kuonwa na mtaalamu, na ukiwa upande huu anzia Handeni mjini au hospitali ya wilaya ya Korogwe, Magunga, wakuelekeze. Mbele zaidi ipo Bombo mjini Tanga, na KCMC huko Moshi, mji ambako wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kwa vitendo hufunzwa. Ukiwa Dar es Salaam ipo CCBRT, iliyoanza mwaka 1994. Uliza mambo matatu: je, mtoto ana kifafa kinachohitaji dawa, viungo vyake vimekakamaa kiasi gani, na ni kazi zipi za kuanzia. Mtoto ambaye bado hawezi kuketi wala kumeza vizuri ana mahitaji mengine yaliyo ya kwanza, yaani chakula kisichompalia na kiti kinachomshikilia, na fundi seremala aweza kukitengeneza akielekezwa. Usimlazimishe mahindi mtoto huyo.

Sitaki uondoke ukidhani ni miujiza. Mwaka 2017 Claudio Ferre na wenzake, katika kundi lile lile la New York, walitoa habari za watoto wadogo 24 waliofundishwa nyumbani na wazazi wao wakisimamiwa na wataalamu, saa 2 kwa siku, siku 5 kwa juma, kwa majuma 9, ambayo pia ni saa 90. Mkono dhaifu uliongeza wepesi, na wazazi waliona maendeleo katika mambo waliyoyachagua; lakini kipimo cha ushirikiano wa mikono yote miwili hakikuonyesha tofauti na kundi jingine. Jeraha la ubongo hubaki pale pale. Mkono ule utabaki kuwa msaidizi. Hata hivyo msaidizi anayeshika daftari lisiteleze huku mwenzake akiandika amekwisha kumbadilishia mtoto nafasi yake darasani.

Mpango huo wa saa mbili kwa siku ndio utakaobaki na bibi likizo yako ikiisha. Kwa kuwa huenda macho yake hayapendi tena daftari, tafuta kopo lenye kifuniko, uliache barazani. Kila saa moja ya kazi ikitimia, mtoto mwenyewe alishike kopo kwa mkono wake dhaifu na kutia punje moja ya mahindi. Ukipiga simu kutoka mjini, baada ya salamu, uliza zimefika ngapi.